Mvua ya Njia ya Wasso

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza nini kilitokea huko. Mmeniuliza kisimani, shambani, hata mlangoni mwa kanisa. Mnanijua, nikisimama mbele ya watu maneno hunikimbia. Kwa hiyo nimeandika, polepole, jioni baada ya kazi. Mmoja wenu asome kwa sauti na wengine wasikilize, mimi nisiwepo.

Faustini ndiye aliyeuliza swali lililonilaza macho. Alisema, "Jumuiya nzima tuliomba, mama yako alifunga. Sasa yale maombi yetu yalikwenda wapi?" Siku ile nilitazama chini nikaondoka. Faustini, sikukasirika.

Endamarariek hadi Karatu

Mnakumbuka habari ilivyofika. Mtu mmoja aliyekuwa akifanya kazi za ujenzi Loliondo alipita nyumbani akasema kaka yangu Boay amelazwa hospitali kule Wasso, homa imeingia kifuani, na hali yake si nzuri. Boay alikuwa kule tangu kiangazi kilipoanza, akijenga madarasa. Baba ameshafariki, dada zangu wameolewa Mbulu. Wa kwenda nilikuwa mimi.

Mama hakulia. Alimpa yule mtu maziwa, akamsindikiza, akarudi ndani akaniambia, "Nenda umlete. Kama hawezi kusafiri, kaa naye. Nisisikie kwamba mwanangu alikuwa peke yake kati ya watu wasiojua lugha yake."

Asubuhi alisimama uani akaomba kwa Kiiraqw, kwa sauti kubwa, muda mrefu mpaka nikaona haya kwa ajili ya majirani. Alimwomba Mungu nimkute Boay akiwa hai. Hakuomba jambo lingine. Alipomaliza alinifungia viazi vitamu na mahindi ya kuchemsha, akanipa na chupa ya samli ya kumpelekea mgonjwa.

"Nimeshaomba na Mungu amesikia," alisema. "Kazi yako wewe ni kutembea tu."

Nilitembea. Mnajua kiangazi kile kilivyokuwa. Mashamba yote yalikuwa mekundu na matupu, ng'ombe wamesimama pembeni mwa njia kama mbao zilizoegemezwa. Jua lilipopanda samli iliyeyuka, ikaanza kuvuja kwenye kizibo na kulowesha shati langu. Niliingia Karatu nikinuka kama mtu aliyetoka harusini.

Karatu hakukuwa na gari. Pampu ya mafuta ilikuwa imefungwa kwa mnyororo na kufuli, na madereva walikuwa wamelala chini ya magari yao. Kila niliyemwuliza alisema, "Kesho." Kesho yake nao wakasema kesho. Mama mmoja mwenye hoteli ya chai aliniruhusu nilale kwenye baraza lake. Asubuhi alinipa chai ya rangi isiyo na sukari.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Sukari itie kwa mawazo, kama sisi."

Nilikaa pale barazani nikitazama njia ya Ngorongoro. Kila saa niliyokaa nilimwona Boay akigeuza kichwa kutazama mlango. Nilisali sala zote ninazozijua kwa kichwa, nikazirudia, na pampu ikabaki na kufuli lake.

Mwishowe likaja lori la unga lenye mafuta yake kwenye pipa. Dereva alikuwa Mzee Shabani, Mrangi wa Kondoa, mnene, mwenye kofia ya kufuma. Aliniona nimesimama mbali, naogopa kusogea, akapaza sauti, akiniita kwa jina ambalo wengi hutuita sisi Wairaqw.

"Wewe Mmbulu! Unakwenda wapi na uso wa matanga?"

"Shikamoo mzee. Nakwenda Wasso. Kaka yangu yuko hospitali."

Akaacha kucheka. "Marahaba. Panda juu ya magunia. Ushike kamba, maana ukianguka mimi sirudi nyuma, breki zenyewe ni za kuombea."

Ukungu wa juu

Juu ya magunia nilimkuta mama mmoja wa Kimasai, mtu mzima, ameshika dumu la dawa ya kuogeshea mifugo kama mtu anavyoshika mtoto. Wote walimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimasai, nami nikamwita hivyo. Tulipita lango la Lodoare tukaanza kupanda. Miti ilikuwa mikubwa, inaning'inia ndevu za kijivu, na kadiri tulivyopanda ndivyo ukungu ulivyozidi, hata sikumwona tingo, msaidizi wa dereva, aliyekaa upande wa pili wa magunia. Baridi ile ilipita kwenye shati lenye samli ikaingia mifupani.

Wengi mmeniuliza kama niliona kreta. Tulipita ukingoni kabisa, Mzee Shabani akapiga honi kutuonyesha, na mimi nikaona weupe mtupu. Ilikuwa kama kusimama mlangoni mwa nyumba kubwa isiyo na taa.

Yeyo alinitazama nikitetemeka. Akafungua shuka lake moja akanifunika mabegani. Halafu akanyoosha kidole juu kwenye ule weupe akasema kwa Kiswahili chake:

"Mungu iko karibu."

Nilisikia maneno yale yakinigusa moyoni. Nikafikiri, mama huyu hanijui, wala sijamwambia habari zangu, na bado ananipa moyo. Nikasema, "Amina."

"Iko karibu sana," akasema tena. "Labda leo. Labda kesho. Ndiyo?"

Hapo nikaogopa. Nikafikiri labda ameona jambo, labda ananitayarisha kwa kifo cha kaka yangu. Sikusema Amina mara ya pili. Tulipofika mahali pa kupumzisha injini nilimweleza Mzee Shabani. Alishika tumbo akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Kijana, mama anazungumzia mvua! Kwao Mungu na mvua ni neno moja, Engai. Anakwambia mvua inakaribia. Na wewe umeitikia Amina kama uko misani!"

Yeyo naye alipoelezwa alicheka, akifunika mdomo kwa ncha ya shuka. Lakini Mzee Shabani alipomaliza kucheka alitazama juu, uso ukabadilika.

"Tena usiitikie Amina," aliniambia. "Kule uwandani udongo ni majivu matupu. Ukilowa unakuwa uji. Mvua ikitukuta kule, Wasso utaisikia kwa jina."

Springi

Tuliteremka upande wa pili, tukapita bonde la Malanja, na ukungu ukaisha ghafla kama shuka lililovutwa. Mbele ulikuwa uwanda, wa rangi ya ngozi ya punda, hauna mti. Tuliona mizoga ya ng'ombe pembeni mwa njia. Mingine ilikuwa mipya. Yeyo aliitazama mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alisema neno kidogo, nadhani alikuwa akitaja ni wa nani kwa alama zake.

Tulikuwa tumeshaipita njia panda ya Olduvai na kushika njia ya kaskazini wakati kitu kilipolia chini ya lori kama bunduki. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika, na gari limelala upande kama ng'ombe mgonjwa. Mzee Shabani alizunguka mara moja, akakaa chini, akavua kofia.

Springi nyingine iko Karatu. Tingo wake, mtu mwenye mvi kumzidi yeye, alipata gari la watalii lililokuwa linarudi, akaondoka nalo. Sisi tukabaki na unga.

"Atarudi lini, mzee?"

"Akipata springi, keshokutwa. Asipopata, mwulize huyo unayemwomba kila dakika. Nakuona midomo inavyocheza."

Boma la Yeyo halikuwa mbali. Alituambia twende, na kwa kuwa lori halikuwa na pa kwenda, tulikwenda kwa zamu, mmoja akilinda unga.

Ninyi mnajua tulivyolelewa kuwaogopa Wamasai. Bibi alituhadithia jinsi walivyokuja kuchukua ng'ombe, na watu wakakimbilia kwenye mashimo ya ardhini. Niliingia bomani nikimfuata Yeyo karibu karibu. Kijana mmoja mrefu, mtoto wa Yeyo, jina lake Lemayani, alinitazama nikinyoosha mkono kumsalimu baba yake, akanishika shingo akaniinamisha. Nikafikiri napigwa. Kumbe kijana huinamisha kichwa, na mkubwa humwekea mkono utosini. Ndiyo salamu yao. Yule baba aliweka kiganja kichwani pangu akasema neno, na watoto wakacheka jinsi nilivyofumba macho.

Walinipa maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Nilikuwa na njaa, nikanywa mpaka mwisho. Nilipokishusha niliona watoto wanatazama kibuyu, hawanitazami mimi. Yeyo alikipokea, akakitikisa, akasema, "Vizuri, vizuri," kwa sauti ya chini. Baadaye Lemayani, aliyesoma mpaka darasa la nne, aliniambia ng'ombe wanaotoa maziwa walikuwa wawili tu. Usiku ule viazi vyangu vilivyobaki niliwagawia wale watoto. Walivinusa, wakavila bila kuvipenda, kwa adabu.

Jina langu

Kesho yake ndama mmoja alikufa asubuhi. Walimtoa nje kimya. Yeyo alimmwagia dawa ile ya kwenye dumu juu ya ngozi hata baada ya kufa, kisha akasimama na dumu mkononi, hajui aliweke wapi.

Tulikuwa tumekaa kivulini mwa kibanda ndipo Lemayani aliponiuliza jina. Sikuwa nimewaambia, wote waliniita Mmbulu.

"Tluway," nikasema.

Hakuna aliyeweza. Mmoja alisema Suluwai, mwingine Kuluwai, mtoto mmoja akatoa mate mengi kuliko jina. Walicheka sana, nami kwa mara ya kwanza tangu nyumbani nikacheka.

"Lina maana?" akauliza Lemayani.

"Ni mvua. Nilizaliwa mvua ikinyesha, na kwetu mtoto wa hivyo huitwa hivyo."

Lemayani hakucheka. Alitafsiri. Wanawake wakaanza kusema kwa pamoja, na Yeyo akainuka akaja mbele yangu akanitemea mate kidogo kifuani. Nikarudi nyuma nikajipangusa kwa mkono. Hapo walipiga kelele na Lemayani akaushika mkono wangu.

"Usifute! Hiyo ni baraka! Wewe unafuta baraka!"

"Kwetu ukimtemea mtu mate unamtukana."

"Basi kwenu mna matusi ya bure. Tulia." Na wanawake wengine nao wakanitemea, mmoja baada ya mwingine, nami nikasimama nimekunja uso kama mtoto anayeoshwa.

Mzee Shabani alipokuja kwa zamu yake alikuta habari imeenea. "Haya!" akasema. "Sasa wewe si Mmbulu tena. Kwa lugha yao jina lako ni Mungu. Tafadhali Mungu, tupatie springi."

Lakini Yeyo hakuwa anatania. Alisema kesho wanawake wanakwenda kuomba, nami ni lazima niende nao. Mtu anayeitwa Mvua hawezi kuletwa na lori lililovunjika mlangoni pao bila sababu. Tena wamesikia kwamba naomba, midomo haitulii. Nikaombe na wao.

Sikuweza kulala vizuri. Kama wataniambia niombe mvua, na mvua ikija, njia itafungwa. Kama sitaomba, nimekunywa maziwa ya watoto wao. Nikakumbuka pia kwamba wazee wetu, kwa Kiiraqw, humwita Mungu kwa neno lile lile la jua, Looa. Hata mama akiomba kwa uchungu humwita hivyo. Watu hawa walimwita kwa neno la mvua, na sisi kwa neno la jua. Nilijua ni mmoja. Ila nilijiuliza, akiwasikia wao, atanisikiaje mimi?

Wanawake walifunga majani mabichi viunoni. Sijui waliyapata wapi, labda kwenye chemchemi ya mbali, maana machoni petu hapakuwa na jani. Walikwenda wakiimba mpaka kwenye mwinuko mdogo, mmoja anaongoza, wengine wanaitikia kwa sauti nzito ya kifua. Nilifuata nyuma. Walipomaliza wakageuka wote wakanitazama.

Ninyi mnajua hata kwenye jumuiya sijawahi kuomba kwa sauti. Yeyo akasema, taratibu, "Sema tu, Mvua."

Nikasema kwa Kiswahili, "Mungu, hawa ni watu wako. Ndama wao wanakufa. Tafadhali uwape mvua." Wao wakaitikia, "Naai," neno lao la kuitikia sala. Nikainamisha kichwa nikamalizia moyoni, kwa lugha ya nyumbani, "Na mimi unifikishe kwa Boay." Nilisema yote mawili kwa moyo mmoja. Nilitaka yote mawili. Mpaka leo sijui ningeomba vipi tofauti.

Njia inafungwa

Ilinyesha kesho yake mchana, siku ya Ijumaa. Ilianza kwa harufu. Ng'ombe walioshindwa kusimama wakainua vichwa. Halafu upepo, halafu matone makubwa yaliyopiga vumbi na kuacha vishimo, na mara hatukuonana tena. Watoto walikimbia uchi. Yeyo alisimama katikati ya boma, ametazama juu, mdomo wazi, akinywa. Kisha alikuja akanishika mikono yote miwili na kuitikisa, akisema neno ambalo sikuhitaji kutafsiriwa.

Nilifurahi. Nataka mjue hilo, nilifurahi kweli, na wakati huo huo niliona njia ya Wasso ikigeuka mto mbele ya macho yangu.

Haikuacha. Ilinyesha usiku, ikapumzika, ikarudi. Tingo hakuja, na Mzee Shabani alijua kwa nini, kwa sababu ile njia ya kutoka Olduvai ilikuwa imekwisha. Alikaa chini ya lori, ametandika gunia tupu, akisali kwa nyakati zake, akielekea Makka, ameipa mgongo njia ambako springi ingetokea. Baada ya sala alisema nami kwa upole kuliko siku zote.

"Kijana, mimi nimeendesha njia hii tangu ujana. Gari halipiti kwa hasira. Kaa."

Sikukaa. Asubuhi moja nilichukua chupa ya samli nikaanza kwenda kwa miguu. Lemayani alinifuata na mkuki wake. Tulitembea tukizama mpaka mashavu ya miguu, kila hatua inatoa sauti, mpaka tukafika kwenye korongo. Juzi lilikuwa mchanga mkavu. Sasa maji ya rangi ya chai yalikuwa yanapita yakiburuta miti. Nilivua viatu. Lemayani alinishika mkanda.

"Hapana."

"Kaka yangu anakufa, Lemayani."

"Ukifa hapa, atapata nini?"

Tulikaa ukingoni tukitazama maji mpaka jua likaanza kushuka. Niliomba pale kwa sauti, bila haya, Lemayani akisikia yote. Nilimwambia Mungu kwamba alinisikia lile moja upesi, basi anisikie na hili. Maji hayakupungua. Tulirudi bomani gizani, nami nilikuwa nalia, na Lemayani alitembea mbele ili asinione.

Wasso

Mvua ilipokatika na korongo kupungua, tingo alikuja, matope mpaka kifuani, springi begani. Walifunga, tukaondoka, tukakwama, tukachimba, tukakwama tena. Unga wa chini ulikuwa umeanza kuchacha na kunuka. Watu wa boma la Yeyo walitusukuma mpaka nje ya uwanda wao, wakirudi nyumbani mmoja mmoja. Sitawachosha na sehemu hiyo. Tulifika Wasso mchana wenye jua kali, milima imeoshwa, kila kitu kinang'aa. Nilichukia ule mng'ao.

Nesi alinisikiliza mlangoni. Aliponisikia nikitaja jina la Boay alinikalisha kwenye benchi kabla ya kusema. Ndipo nilipojua.

Alikuwa ameshazikwa na watu wa kanisa. Hawakujua kama kuna mtu anakuja, wala njia haikuwa na gari. Walimzika vizuri, kwa sala na wimbo, wakaweka msalaba wa mti wenye jina lake. Nilisimama pale kaburini na chupa ya samli mkononi. Udongo ulikuwa bado umevimba, na juu yake majani membamba yalikuwa yameshaota.

Kitanda chake kilikuwa na mgonjwa mwingine. Lakini kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mzee mmoja Msonjo aliyevunjika mguu. Alikuwa amelazwa kando ya Boay siku zote zile. Nilimpa ile samli. Alinitazama muda mrefu.

"Mnafanana paji la uso," alisema. "Wewe ni mdogo wake?"

"Ndiyo, baba."

"Homa ilimpeleka mbali. Siku nzima hakuongea. Hata Kiswahili kilimtoka, alibaki na lugha yenu, na hapa hakuna aijuaye. Tulimpa maji, tukamshika mkono, basi." Alivuta shuka. "Ikaja ile mvua ya kwanza, ya Ijumaa. Ilipiga bati kwa kishindo. Akafumbua macho. Akaanza kusema neno moja tu. Anasema, ananyamaza, anasema tena."

"Neno gani?"

Alijaribu. Ulimi wake nao haukuweza, lakini niliposikia nilishika chuma cha kitanda.

"Tluway," nikasema.

"Hilo! Hilo hilo. Akawa anaonyesha mlango. Nikamwambia, bwana, hakuna mtu. Akaonyesha tena. Nesi akaufungua. Mvua ikaingia kidogo mpaka sakafuni. Yeye akatazama pale, akatulia. Hakuchukua muda baada ya hapo." Kisha akaniuliza, "Ni nini kwenu?"

"Ni mvua," nikasema. "Na ni jina langu."

Nje kulikuwa na watoto wanacheza kwenye dimbwi. Mzee yule hakuuliza Boay aliita lipi.

Kurudi

Nilirudi na lori lile lile. Nilibeba mwiko wa Boay wa kujengea na sweta lake. Mzee Shabani aliniweka mbele karibu naye, hakutania hata mara moja, na hilo lilinihuzunisha zaidi.

Uwanda ulikuwa wa kijani mpaka mwisho wa macho. Karibu na boma Yeyo alitoka mbio aliposikia injini, akipiga kelele, "Mvua! Mvua!" Nyuma yake ndama walikuwa wamesimama kwa miguu yao. Alipofika dirishani akaona uso wangu. Wao hawamtaji aliyekufa, kwa hiyo hakuuliza. Nilishuka nikainamisha kichwa mbele yake, naye akaweka mkono utosini. Aliuacha pale. Dereva alizima injini. Tulikaa hivyo mpaka mtoto mmoja akaleta kibuyu cha maziwa, na safari hii nilikunywa nusu nikarudisha, na Yeyo akakirudisha mkononi mwangu akasema, "Yote. Iko mengi sasa."

Juu ya Ngorongoro hakukuwa na ukungu. Mzee Shabani alisimamisha gari ili nione. Kreta yote ilikuwa wazi, ziwa, msitu, na vitu vidogo vyeusi vinavyotembea. Mwaka mwingine ningewasimulia kwa kurasa tatu. Niliangalia, nikasema ahsante mzee, tukaondoka.

Nyumbani

Mama alikuwa anapepeta uwele uani. Aliona nimekuja peke yangu, na mwiko mkononi. Aliweka ungo chini taratibu usimwagike. Mengine mliyaona wenyewe, mlikuja matanga, sitayarudia.

Lakini baada ya ninyi kuondoka alitaka nimwambie yote, hatua kwa hatua, kama nilivyoandika hapa. Nilipofika kwa yule mzee Msonjo na lile neno, mama alinishika mkono.

"Alilisema kwa sauti gani?" akauliza. "Ya mtu anayetaja kitu, au ya mtu anayeita?"

Sikujua. Sikumwuliza yule mzee. Nilikuwa pale, ningeweza kuuliza, na halikunijia. Nilimwambia mama hivyo, nikangoja alie. Hakulia, wala hakunilaumu.

"Basi tumwulize Mungu," alisema. "Yeye alisikia."

Akapiga magoti, nami nikapiga. Aliuliza kwa maneno machache tu, kama mtu anavyomwuliza jirani habari ya ng'ombe aliyepotea. Hakusema kwamba hakusikilizwa, ingawa mimi nilikuwa tayari kusema.

Faustini, hili ndilo ninaloweza kukujibu. Niliomba mambo mawili, moja nililiona kwa macho yangu likinyesha, jingine sijui kama nilipewa kwa namna nisiyoijua, au nilinyimwa. Siwezi kukwambia nimeelewa. Usiku nikiamka bado nausikia mto ule wa rangi ya chai. Ila naendelea kuomba, na sasa naomba kwa sauti, mama akiwepo.

Jambo moja limebadilika kwa mama. Zamani alikuwa akisema Amina na kuinuka hapo hapo kwenda kugeuza chungu. Sasa akimaliza haondoki. Anabaki magotini, ameinua uso kidogo, amenyamaza, kama mtu aliyepiga hodi na kusikia nyayo ndani.